Moto Iliyosema Kulia

Asifiwe Mungu, aliyenipa miguu miwili katika ujana na magurudumu mawili katika uzee. Asifiwe yeye ajuaye njia zote pasipo kuuliza, na anayewavumilia wazee wanaotaka kwenda mbio. Haya ninayaandika kwa shukrani, na mahali nitakapocheka, naamini hatanihesabia dhambi.

Habari yenyewe inaanzia kwenye jicho la dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaishi Kasaji, mji wa reli upande wa magharibi wa Kolwezi, mji wa machimbo ninakokaa mimi huku Kongo. Kati ya watoto wote wa mama yetu tumebaki wawili tu, yeye na mimi. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufunga, na daktari alikuwa amesema ugonjwa ule si wa kupasuliwa. Mwanzoni mwa kiangazi alinipigia kwa simu ya jirani.

"Mudogo wangu," akasema, "hii jicho ingine nayo inaanza kuingia moshi. Naona batu sawa beko nyuma ya pazia. Kuya nione sura yako mbele ya kufunga. Na usiniambie tena 'mwaka unaokuya.'"

"Nakuya, yaya," nikamjibu. Yaya ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa.

Mara tatu nilikuwa nimemwambia "mwaka unaokuja". Nilifanya kazi ya fundi wa injini katika karakana ya reli hadi nilipostaafu, na njia ya Kasaji niliijua kwa vituo vyake, kama mtu anavyojua shanga za rozari. Kwa barabara sikuijua. Na treni ya abiria siku hizi ni kama mgeni mkubwa: unasikia anakuja, unapika, unafagia uwanja, hafiki.

Basi nikaamua kununua pikipiki. Sisi huku tunasema "moto", neno tulilolitoa katika Kifaransa. Atakayesoma haya akiwa mbali asidhani naandika habari za kuni.

Nia yangu ilikuwa njema kabisa. Nilitoka nyumbani kwenda kutafuta moto ya kazi, ile ndogo yenye sauti ya cherehani, inayobeba magunia ya makaa bila kunung'unika. Mimi ni katekista, na katekista mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba kuna kijana anauza yake Kasulo, mtaa ambako watu huchimba madini hata ndani ya nyua zao. Kijana mwenyewe alikuwa mchimbaji kutoka Kasai. Aliponifungulia lango aliniwekea mkono kifuani.

"Tata, kanyaga kwa mbao. Chini ya ile turubai ni shimo."

Tata kwetu ni baba. Nikapita juu ya mbao nikimwomba malaika wangu anishike kola. Moto ilikuwa ndani, kando ya kitanda, imefunikwa kitenge. Alipokivuta kile kitenge nilisahau makaa. Ilikuwa moto ya mbio, zile za mashindano, pana kifuani na nyembamba nyuma kama nyigu, rangi ya njano inayopiga kelele, na ubavuni imechorwa miali ya moto. Miali ya moto kwenye moto! Nikasema moyoni: hii si ya katekista. Kisha nikaizunguka mara ya pili.

"Kwa nini unaiuza?"

"Nataka kuoa, tata. Baba ya ule binti anasema hawezi kupana mutoto kwa mutu mwenye kiti ya mutu moja na nusu."

Hapo ufundi wangu ukaamka. Niliweka kiganja juu ya injini: baridi. Muuzaji mwenye siri huiwasha kabla hujafika, ili uisikie imekwisha kuchangamka. "Hukuiwasha leo?"

"Hapana, tata. Nilitaka usikie yenyewe."

Nikampenda kwa neno lile. Akaiwasha. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha yake nikaigusisha kwenye injini, mpini nikauweka sikioni, kama tulivyofanya karakanani. Injini haijui kusema uongo ukiisikiliza hivyo. Hii ilisema kwamba imekimbizwa sana lakini haikupigwa. Nikatazama meno ya mnyororo, nikasukuma usukani chini. Mguu mmoja wa springi za mbele ulikuwa unatoa machozi ya mafuta.

"Juu ya hiyo nitapunguza bei," akasema upesi.

"Utapunguza. Na utaniambia ilianguka wapi."

Akakuna kichwa. "Mara moja tu. Njia ya Nzilo. Ni juu ya mbuzi, alikatiza."

"Mbuzi alipona?"

"Tulimukula, tata."

Tukacheka, na baada ya kicheko kile mapatano hayakuwa magumu. Karatasi zote nilizisoma mara mbili. Aliniomba niiombee ndoa yake. Nikaweka mkono mmoja juu ya kichwa chake na mwingine juu ya tangi, nikawaombea wote wawili.

Kuendesha moto ile ni kuinama. Kifua kinalala juu ya tangi, magoti yanakunjwa nyuma, uso unatangulia: ni mkao wa mtu anayeungama dhambi upesi. Hivyo ndivyo nilivyopita mbele ya vijana wa kona yetu.

"Katekista!" wakapiga kelele. "Yesu hajarudi bado, punguza mbio!"

Mke wangu alitoka jikoni akiwa na mwiko. Akatazama. Akazunguka, kama nilivyozunguka mimi, lakini kwa uso mwingine.

"Hii ni nini?"

"Moto."

"Naona moto. Nauliza ile ingine iko wapi, ile ya batu bazee." Akagusa kijikiti cha nyuma kwa ncha ya mwiko. "Na mi nitaikala hapa? Hapa ni pa kuku, tata. Na kuku mwenyewe akuwe mudogo."

"Tutarekebisha, mama."

"Rekebisha mbele ya mi kupanda. Yaya eko anangojea, asingojee maiti yangu."

Tukaanza kuivalisha. Kwa majuma mawili niliishi kati ya mchomeleaji na fundi wa viti vya sebuleni. Mchomeleaji aliinua usukani kwa vipande vya chuma ili mgongo wangu urudi kuwa wa binadamu, na chini ya injini aliweka bamba nene la kuzuia mawe. Fundi wa viti alishona kiti kirefu chenye sponji ya kweli, na nyuma yake egemeo lililovikwa ngozi ya sofa kuukuu, nyekundu, yenye vifungo. Mke wangu alipoegemea mara ya kwanza akasema, "Sasa mi ni madame." Tairi laini tukazitoa, tukaweka zenye meno. Mifuko miwili ya pembeni ilishonwa kwa turubai la lori. Vioo vya kutazamia nyuma havikuwapo, maana kijana hakuwa na haja ya kuona nyuma. Kwa mzee, nyuma ndiko kwenye mambo mengi, kwa hiyo nikaweka vikubwa viwili, na chini ya kimoja nikafunga rozari yangu. Tukanunua pia kofia mbili ngumu. Yake ilikataa kuingia juu ya kilemba; alifunga kilemba namna tatu mpaka wakapatana.

Ikabaki njia. Kutoka Kolwezi kwenda magharibi, barabara niliyoijua ujanani imeliwa na machimbo. Mahali nilipopita kwa baiskeli kwenda kuvua sasa ni shimo lenye ziwa chini yake. Njia mpya ziko nyingi, zote pana, na nyingi zinaishia kwenye lango na mlinzi. Jirani akanishauri ninunue kile chombo kinachoonyesha njia kwa satelaiti, kinachofungwa kwenye usukani. Vijana wanakiita GPS. Tukaenda dukani sote wawili.

"Tata, hii inaongea na satelite kabisa," muuzaji akasema.

"Inaongea luga gani?" mke wangu akauliza.

"Kifaransa, Kizungu..."

"Mi sitaki Mufaransa wa kuniagizia njia ya kwetu."

"Mama, Swahili nayo iko."

"Ya hapa?"

"Swahili ni Swahili, mama."

Akagusa hapa na pale, na sauti ya mwanamke ikatoka, safi, ya kusikika hata kando ya lori. Tulikwenda nayo nyumbani kuijaribu. "Baada ya mita mia mbili, geuka kushoto." Tukageuka kushoto. Tena kushoto. Kutoka duka lile hadi kwetu njia yote ni kushoto, na kushoto ni kushoto kwa kila mtu. Mke wangu alifurahi sana. "Anaongea muzuri," akasema, "sawa mutoto aliyesoma kwa bamasista."

Tuliondoka Jumanne baada ya misa ya asubuhi. Dada yangu nilikuwa nimempigia jana yake, akasema moshi umezidi, sasa anaona kwa pembe ya jicho tu. "Fanya mbio," akasema. Lakini kwa vumbi lile na mawe yale, moto iliyotengenezwa kuishinda treni ilitembea na sisi kama maandamano ya Sakramenti. Tulipita nyumba za mwisho. Tulipita kilima cha mchanga wa machimbo. Ndipo sauti ikasema:

"Baada ya mita mia tatu, geuka kulia."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Geuka kulia," ikasema tena, bila huruma.

Msomaji wa pwani anacheka tayari. Anivumilie. Kwetu mkono tunaoulia chakula ni mkono wa kuume. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kwamba Mwana ameketi kuume kwa Baba. Sikuwahi kuwafundisha kwamba ameketi kulia. Kwetu kulia ni jambo moja tu, ni kazi ya macho msibani. Na mtu akikuambia geuka bila kutaja mkono, anataka urudi ulikotoka. Mimi niliyekuwa naenda kwa dada mgonjwa, sauti kutoka juu mbinguni iliniambia: rudi, kuna kilio.

Mke wangu alinipiga mgongoni. "Tata, simama. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikuwa nimepita njia panda bila kuiona. Chombo kikafikiri kidogo, kisha kikasema: "Baada ya mita mia tano, geuka kulia, kisha geuka kulia."

"Mungu wangu," mke wangu akasema. "Sasa benye kufa bamekuwa bawili."

Nikaegesha moto. Nikapiga simu ya jirani wa dada yangu, haikupatikana. Nikapiga tena. Tukakaa kando ya njia, kofia ngumu magotini, na malori yakatumwagia vumbi. Nitasema ukweli, maana niliahidi shukrani, na shukrani bila ukweli ni sifa tu: niliogopa. Miaka mingi nimewafundisha watu wasiahirishe safari kwa sababu bundi amelia juu ya paa. Na sasa nilikuwa nimekaa chini kwa sababu ya bundi mwenye betri.

"Tunarudia nyumbani?" mke wangu akauliza.

Nilifikiri mara hii ya nne nitamwambiaje. Nikashika rozari pale chini ya kioo, nikaomba kwa maneno machache.

"Kama amekufa," nikasema, "tutamuzika. Kama hajakufa, eko anaangalia njia na pembe ya jicho moja. Kwa yote mbili, njia ni ya mbele."

"Basi washa," akasema, akaanza kufunga kilemba upya.

Tukaenda mbele, moja kwa moja, na chombo kikiomboleza mpaka nikatamani kukivika soksi. Mbele yenyewe ikaishia kwenye mstari wa malori yaliyosimama, mengi, yakingoja lango la mgodi wa shaba lifunguliwe. Dereva mmoja, mtu wa Tanzania, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gurudumu lake akichemsha chai. Alituona, akainuka nusu.

"Shikamoo mzee! Shikamoo mama! Mnakwenda wapi na pikipiki ya mashindano?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaenda Kasaji. Lakini moto yetu inasema kulia."

Akasimama wima. Akatazama tangi lake la mafuta, akatazama nyuma ya lori. "Moto? Wapi kunaungua?"

"Moto njo hii."

"Hii inaungua?"

"Haiungue. Inasema tu. Inasema kulia."

Alimtazama mke wangu, kama mtu anavyouliza kwa macho ikiwa mzee wenu huyu ni mzima.

"Ni kweli, baba," mke wangu akamthibitishia. "Inasema tangu kule. Ingine inasema mara mbili."

Na chombo, kama shahidi aliyechoka kungoja, kikasema: "Geuka kulia."

Yule dereva alicheka mpaka chai ikamwagika. Alicheka akaegemea gurudumu. Aliwaita wenzake wawili waje wasikie, kisha, kwa heshima, akajifuta uso na kuinua mkono wenye kikombe.

"Mzee wangu, kulia ni huku! Mkono wa kulia! Mkono wa kulia chakula!"

"Huo ni kuume," nikamwambia.

"Kuume ni ya Biblia, mzee."

"Basi mi naendeshaka na Biblia."

"Ndiyo maana umekuja kupanga foleni na shaba," akasema, na wote wakacheka tena, na safari hii nikacheka nao. Hakuna aliyekufa. Dada yangu alikuwa hai, na mimi nilikuwa nimekosa njia panda tu. Sijui kama nimewahi kuombewa kwa uzuri kama nilivyochekwa pale.

Mke wangu peke yake hakuridhika. "Na kwenu," akamwuliza dereva, "mutu mwenye kutoka machozi, munasema anafanya nini?"

"Analia, mama."

"Na mukono?"

"Wa kulia."

"Basi njo mana munapotea."

Dereva alitumiminia chai iliyobaki, akatuonyesha pa kurudi. Tangu hapo mke wangu akawa mfasiri. Kila sauti iliposema kulia, alinigonga bega la kuume na kupaza, "Kuume!", hata mahali ambapo hapakuwa na njia nyingine ya kufuata. Tulilala Mutshatsha kwenye nyumba ya masista, na kesho yake, jua likiwa linaanza kuinama, tukaingia Kasaji, kati ya baiskeli zilizobeba mihogo, na watoto wakikimbia nyuma ya miali yetu ya moto.

Mbele ya nyumba ya dada yangu chombo kikatangaza: "Umefika mwisho wa safari yako."

"Mwambie bado kidogo," mke wangu akasema, "Mungu akipenda."

Dada yangu alikuwa mlangoni, juu ya kiti kifupi, kichwa amekiinamisha upande kama ndege anayesikiliza. "Ni nani anakuya na nyuki hivi?"

"Ni mi, yaya."

"Kuya karibu. Zaidi."

Nikapiga magoti, maana kiti kilikuwa kifupi. Akanishika kidevu. Jicho lilikuwa jeupe, isipokuwa pembeni, palipobaki upenyo kama wa mlango usiofungwa vizuri.

"Geuka," akasema.

Nikageuza uso.

"Hapana, kuume. Jua inanipiga."

Nikageuka kuume.

"Kidogo tena. Inua. Rudia. Geuka." Alinipeleka huku na huku kwa vidole viwili, kama mtu anayenyoosha picha ukutani, mpaka uso wangu ukakaa katika ule upenyo. Hapo akaniacha. Akatazama. Nilihesabu pumzi zake, zilikuwa nyingi.

"Umezeeka mubaya," akasema. "Lakini masikio njo ya tata yetu. Nilikuwa nimeisha kuyasahau."

Akaanza kulia, nami nikalia, tumeshikana vichwa kama watoto waliogongana. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa bado amesimama kando ya moto, kofia ngumu kichwani.

"Geuka, kulia," akasema polepole, akatafuta ncha ya kitenge apanguse uso.

Jicho lile lilifunga kabla mvua hazijakolea. Dada yangu hakulalamika. Nikimpigia simu huniambia, "Sura yako niko nayo, na masikio," kisha anauliza habari za nyuki. Moto bado ninayo, njano vile vile. Kwa ubatizo na wagonjwa wa vijiji vya mbali inanifikisha kabla mtu hajakata tamaa. Chombo nimekiacha kwenye Kiswahili chake. Muuzaji alisema Swahili ni Swahili, na mimi nimejifunza kumsikiliza mgeni mpaka mwisho wa sentensi.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akushike mkono wa kuume, au wa kulia kama ndivyo mnavyosema kwenu. Akuondolee "mwaka unaokuja" kinywani. Akufikishe kwa mtu anayekungoja akiwa bado anaweza kukuona, na machozi mtakayotoa siku hiyo yawe ya namna ile tuliyotoa sisi mlangoni Kasaji. Amina.